Nani Alisema Anayefanya Kazi Hahitaji Msaada?

Ukitaka kujua serikali inamwona vipi mtu mwenye ulemavu, achana na hotuba za Desemba 3, siku yetu ya kimataifa. Soma fomu zake. Mbili nazifahamu vizuri. Ya kwanza ni ya Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa fedha wasiojiweza, na inataka ithibitishwe kwamba huwezi kukaa bila mtu wa kukuangalia usiku na mchana. Ya pili ni ya msamaha wa kodi, nayo kwa aliyeajiriwa inataka mwajiri, mshahara na PIN ya KRA, yaani mamlaka ya kodi. Moja ni ya asiyejiweza kabisa, nyingine humfaa hasa aliyeajiriwa rasmi. Hapa Nairobi walio wengi hawamo katika ya kwanza wala ya pili.

Mimi nimebahatika kuwa kwenye ya pili. Polio ilinipata nikiwa mtoto mdogo, natembea kwa magongo mawili, na kazi yangu ni kuandika hesabu katika kampuni inayouza vipuri vya magari huko Industrial Area. Kila mwezi karatasi yangu ya mshahara inaonyesha sifuri mahali ambapo wenzangu wanakatwa PAYE, ile kodi ya mshahara. Wanaijua hiyo sifuri, na wanaitania. "Wewe ndiye mtoto wa serikali," huniambia tukinywa chai ya saa nne. Nacheka nao. Lakini nyumba ninayopanga iko chini kabisa kwenye jengo na karibu na steji, na kwa hilo nalipa zaidi ya jirani anayepanda ngazi hadi orofa ya tano. Mvua ikinyesha siwezi kuruka madimbwi ya mtaa wetu wa Umoja kwa magongo, basi naita teksi. Mipira ya chini ya magongo inaisha upesi, na kiatu cha mguu wa kushoto nashonewa, hakipatikani kwenye mitumba ya Gikomba hata ukikesha.

Msamaha huo ulitokana na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003, na amri ya mwaka 2010 ikaweka kiwango: mapato yasiyozidi shilingi 150,000 kwa mwezi hayatozwi kodi. Mtu wa mshahara wa 50,000 anaokoa kama elfu sita hivi ambazo zingeliwa na PAYE. Kwangu mimi hizo ndizo teksi, kiatu na tofauti ya kodi ya nyumba. Hazibaki.

Sasa nivuke ukuta niende kwa jirani yangu.

Ana kijana wa miaka kumi na tisa mwenye mtindio wa ubongo. Kijana hawezi kukaa bila kuegemezwa, analishwa kwa kijiko, na anavaa nepi za watu wazima. Huyu yumo kwenye Inua Jamii, katika ule mpango wa watu wenye ulemavu mkubwa ulioanza mwaka 2011. Fedha zenyewe ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na zimekuwa 2,000 kwa zaidi ya miaka kumi sasa, unga upande, mafuta ya taa yapande, nauli ipande. Hapo ndipo hesabu yangu ya kazini inagoma. Mimi mwenye kazi serikali inaniachia elfu sita, naye ambaye hawezi kugeuka kitandani inampa elfu mbili.

Na hizo mbili hazina siku maalumu. Mara zinaingia za miezi miwili kwa pamoja, elfu nne, mara kimya kinapita hadi mwenye duka anaanza kumsalimia jirani kwa ukali. Kwenye daftari la deni la duka hilo kuna ukurasa wake, na juu ya ukurasa mwenye duka ameandika kwa kalamu nyekundu "INUA". Ndiyo dhamana yake: serikali ikilipa, naye atalipwa. Daftari hilo limejaa sukari, maziwa ya pakiti na nepi zinazouzwa moja moja, maana pakiti nzima inameza nusu ya fedha za mwezi au zaidi.

Watu wa bajeti huona jina moja kwenye orodha, la kijana. Lakini nyumba hii imepoteza mapato ya watu wawili. Mama yake, yaani jirani yangu, alikuwa na kibanda cha nguo za watoto sokoni. Kijana alipozidi kuwa mzito, wa kumwinua akawa ni yeye peke yake, na kibanda kikaenda. Siku hizi anafua nguo za watu huko Donholm na Buruburu, na siku anayofua lazima ampe kitu msichana wa jirani akae na kijana. Akirudi jioni amebakiwa na theluthi mbili ya alichopata, kama si nusu. Hakuna fomu inayouliza habari hiyo. Mlezi yupo kwenye fomu, ndiyo, lakini kama mtu wa kwenda kuchukua fedha.

Nilimuuliza siku moja kwa nini asitafute kazi ya kudumu, hata ya usafi, kuna wakala wanaoandika watu. Akanijibu bila kuacha kukamua shati: "Mama, nikiandikwa wataniona niko sawa. Watafuta jina la huyu. Halafu kazi ikiisha baada ya miezi mitatu nitamrudisha nani?"

Mtu anaweza kusema hofu hiyo haina msingi, kwamba mapato ya kibarua hayafuti jina la mtoto. Labda. Ila jirani yangu ameona majina yakitoweka kwenye orodha bila maelezo, na anajua usajili haufunguliwi kila siku. Huongezwa watu bajeti ikiruhusu. Kwa miaka mingi mpango huu ulihudumia kaya zisizozidi elfu hamsini nchi nzima. Ukishatoka mlangoni, foleni ya kurudi ndani haina mwisho unaoonekana. Mwenye elfu mbili za hakika, hata zikichelewa, atazishikilia kuliko elfu kumi na mbili za mkataba wa wakala. Mimi mhasibu namwelewa. Ningefanya vivyo hivyo.

Kwa hiyo mtu akisema msaada unawafanya watu wavivu, namwomba atazame upya. Kinachomzuia huyu mama kuandikwa kazi ni udhaifu wa msaada wenyewe: mdogo, wa kubahatisha, na ukiuachia hauna uhakika wa kuurudia. Ungekuwa imara angethubutu.

Kati ya jirani yangu na mimi yuko rafiki yangu wa Luthuli Avenue, na huyu ndiye anayeninyima usingizi. Anatengeneza simu. Kibanda chake ni meza ya kioo ndani ya duka analoshirikiana na watu wengine wanne, kila mmoja na meza yake. Anatumia kiti cha magurudumu tangu ajali ya bodaboda. Mikono yake ina ufundi ambao sina namna ya kuusimulia. Nimemwona akibandua kioo cha simu kilichopasuka vipande vipande bila kugusa kinachotakiwa kubaki. Hana mwajiri, kwa hiyo msamaha wa PAYE haumhusu. Hayuko kitandani, kwa hiyo Inua Jamii haimhusu. Alienda kuuliza katika ofisi moja, akajibiwa kwa upole kabisa: "Ndugu, wewe si unajiweza? Hizi ni za wale hawawezi."

Anajiweza, ndiyo. Twende basi kwa mafundi wa Kamukunji tuone kujiweza kunagharimu nini.

Viti vingi vinavyogawiwa kwa msaada vimetengenezewa sakafu ya hospitali. Barabara ya kwao Kayole ni mawe na matope, na kinachokufa kwanza ni magurudumu madogo ya mbele. Vumbi linaingia kwenye beringi, beringi inakwama, gurudumu linaburuzwa badala ya kuzunguka, na siku moja uma unaolishika unakatika pale ulipochomelewa. Nilimsindikiza kwa fundi wake katikati ya kelele za nyundo zinazofua masufuria na masanduku ya bati ya wanafunzi. Alihamishiwa kwenye debe lililopinduliwa, kiti kikalazwa chali. Fundi akazungusha gurudumu kwa kidole, likatoa sauti ya mchanga. "Hii ni beringi ya bei rahisi, mzee. Nikuwekee ya pikipiki?" Ya pikipiki inadumu, lakini lazima shimo litanuliwe, na kutanua ni hela nyingine. Rafiki yangu akafumba macho akapiga hesabu, akasema aweke. Wakati huo wote alikuwa pale kwenye debe, hawezi hata kwenda msalani, na simu za wateja zinaita mfukoni. Asubuhi nzima ya kazi ilipotea hapo, na bado hajalipa fundi.

Jioni makanga wa matatu akamwambia kiti kinalipa kama mzigo. Akalipa nauli mbili.

Basi huyu ndiye "anayejiweza". Analipa ada ya kila siku kwa ajili ya kuwa na ulemavu katika jiji hili, na hakuna anayemrudishia hata senti. Alishauriwa asajili biashara chini ya AGPO, ule utaratibu ulioanza mwaka 2013 wa kutenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Akasajili. Cheti anacho, kimetundikwa juu ya meza. Lakini zabuni inataka mtaji wa kununulia bidhaa kwanza na subira ya kusubiri malipo, na kila asomaye magazeti ya Kenya anajua jinsi serikali na kaunti zinavyokaa na madeni ya wanaoziuzia bidhaa. Mkono mtupu haulambwi, na mkono unaodai serikali haulambwi kwa muda mrefu zaidi.

Kuhusu kazi za kuajiriwa, sheria tunazo, tena nzuri. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inaitaka serikali ihakikishe hatua kwa hatua kwamba angalau asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa katika taasisi za umma ni za watu wenye ulemavu. Kifungu cha 43 kinaitaka iwape hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu. Sheria ya 2003 iliipa kampuni inayotuajiri nafuu ya kodi: asilimia 25 ya mishahara yetu ingeweza kuondolewa kwenye mapato yanayotozwa, na nusu ya gharama ya kurekebisha jengo vilevile. Kuhusu asilimia 5 ya ajira, sheria hiyo ililiachia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lijitahidi tu. Mei 2025 Rais Ruto alitia sahihi sheria mpya, iliyotokana na mswada wa Seneta Crystal Asige, ambaye mwenyewe ana ulemavu wa kuona. Sasa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kututengea angalau asilimia 5 ya nafasi. Kwa kampuni ya watu 20 hiyo ni nafasi moja.

Kazini kwetu tumepita ishirini na mwenye magongo ni mimi. Kwa hesabu hiyo bosi wangu anaweza kulala usingizi. Lakini niliajiriwa kwa sababu mhasibu aliyetangulia alinijua kanisani, wala si kwa sababu ya sheria yoyote. Kabla ya hapo niliomba kazi nyingi, na matangazo karibu yote yalikuwa na ule mstari wa mwisho: watu wenye ulemavu wanahimizwa kutuma maombi. Nikahimizika. Mahali pamoja mjini nilifika nikakuta mahojiano yako orofa ya tatu na lifti imekufa. Askari wa mlangoni alikuwa mtu mwema. "Siste, kaa hapa, ngoja niwaulize kama wanaweza kushuka." Wakashuka wawili. Nikahojiwa kwenye makochi ya mapokezi, huku vijana wa kuleta vifurushi wakipita katikati yetu wakiomba sahihi. Katika muda huo mfupi niliulizwa swali moja la uhasibu. Mengine yote yalikuwa: utafika vipi? Unaishi na nani? Ukiugua? Hawakunipigia tena, na sina la kuwadai maana hawakuniandikia sababu.

Hiyo ndiyo shida ya asilimia 5 isiyokaguliwa. Tume ya Utumishi wa Umma angalau hutoa ripoti kila mwaka, na kila mwaka inaonyesha taasisi nyingi za serikali hazijafika popote karibu na 5. Aibu hiyo imeandikwa, tunaweza kuisoma. Kampuni binafsi hazisomwi na mtu. Nani atapita mlango hadi mlango Industrial Area akihesabu? Ningependa kuona sheria ya 2025 ikipewa wakaguzi na magari kabla haijapewa kongamano la hotelini.

Binamu yangu analea wazee huko Uingereza, na mwaka jana, 2025, alinipigia simu akishangaa. Serikali ya huko ilitangaza mwezi Machi kwamba itabana masharti ya malipo yanayoitwa PIP, yanayotolewa kwa watu wenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu. Wabunge wa chama tawala chenyewe wakaasi, na kufikia Julai serikali ikawa imeondoa sehemu hiyo kwenye mswada. Sikushangazwa sana na uasi. Kilichonisimamisha ni alichosema kama jambo la kawaida, kwamba PIP unalipwa uwe una kazi au huna. Yapo malipo mengine ya asiye na kazi. Haya yanatazama ulemavu unakuathiri vipi katika kuishi kwako, ni ya kufidia gharama za ziada, na mtu anaweza kuyatumia hata kufika kazini. Sisemi tuige Uingereza, hela zao si zetu na hata wao wanavutana. Lakini wazo hilo lingemfaa rafiki yangu wa Luthuli kuliko mkopo wowote ambao ameshawahi kuahidiwa kwenye kampeni.

Kwetu mjadala huwa unakufa kwenye swali la hela zitoke wapi na watu wenyewe ni wangapi. Sensa ya 2019 ilitupata kama laki tisa, asilimia 2.2 ya wenye umri wa miaka mitano na zaidi. Ile ya 2009 ilikuwa imetupata asilimia 3.5. Ama tulipona kwa wingi ndani ya miaka kumi, ama kuna waliofichwa vyumbani karani alipobisha hodi na wengine waliokataa kujibu ndiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria mtu mmoja kati ya sita ulimwenguni ana ulemavu mkubwa. Tofauti ya jinsi ya kuuliza maswali inaeleza sehemu ya pengo hilo, haielezi lote. Na Hazina ikipewa idadi ndogo inatenga kidogo, halafu kidogo hicho kinatolewa ushahidi kwamba wahitaji ni wachache.

Yupo pia anayesema: basi wewe mwenye nafuu ya elfu sita ukatwe, apewe jirani. Nimelisikia hata kutoka kwa wenzetu, na linaonekana la haki. Silikubali. Watu wenye ulemavu wenye karatasi ya mshahara ni wachache mno, ukitukamua wote hutapata cha kugawa Kayole peke yake. Halafu utakuwa umewaambia wanaosoma Joytown, shule ya wenye ulemavu wa viungo, na shule ya vipofu ya Thika kwamba wakimaliza na kupata kazi watabaki na gharama zao peke yao. Nakubali jambo moja: nafuu inayopitia PAYE inamfikia aliye na mwajiri tu. Dawa yake ni kutafuta njia ya kumfikia fundi simu.

Mswada wa Fedha huja kila mwaka, na kila mwaka naufungua nikitafuta kama kuna mtu ameigusa ile 150,000. Nawashauri wasomaji wangu mfanye hivyo, na msingoje mawakili. Kamati ya Bunge hupokea maoni kwa barua na kwa baruapepe, hata ya ukurasa mmoja, hata kwa Kiswahili. Jina lako likitoweka Inua Jamii, nenda ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo ukiwa na kitambulisho, kadi ya Baraza na nambari ya akaunti. Dai waandike lalamiko lako kwenye kitabu mbele yako, maana la mdomo linaishia mlangoni. Na kama kampuni yenu imepita watu 20, waulize kwa maandishi ni nafasi zipi wamezitenga.

Barua yangu ya safari hii inaomba elfu mbili ipande pamoja na bei za vitu, mlezi ahesabiwe kama mtu aliyepoteza kazi, na jina la mtu lisifutwe kwa angalau mwaka mzima tangu yeye au mlezi wake apate kibarua. La nne ni la rafiki yangu: nafuu ya gharama kwa aliyejiajiri, hata ikianza na ukarabati wa viti peke yake. Karani mmoja niliyemwonyesha rasimu aliniambia kamati hupenda ushahidi wa bei. Fundi wa Kamukunji hana kitabu cha risiti, kwa hiyo nilirudi kwake akaniandikia kwenye kipande cha katoni: beringi mbili za pikipiki, kutanua mashimo, kuchomelea uma, jumla chini, na nambari yake ya simu. Nimekipiga picha na kukiambatanisha.